Kadiria ya Watoto

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na masikio yako yaliyogombana na simu. Sisi hatujambo. Binti yako amepata kazi ya kushona mapazia ya ukumbi mzima, na sebule yetu sasa haina pa kukanyaga. Juzi nilikalia pini na hakuna aliyenipa pole. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele, kutwa anapiga mluzi.

Najua msimamo wako, Mama: ujumbe wa simu ni wa salamu, na jambo la kazi lisilostahili stempu halistahili jibu. Basi stempu nimebandika.

Ile programu ya kukadiria dozi uliyoiandikia hospitali yetu miaka kumi na miwili iliyopita, kabla hujahamia huko na kabla sijamjua binti yako, nimekabidhiwa mimi. Tunahamia kompyuta mpya, na natakiwa nithibitishe kwa maandishi kwamba inakokotoa sawasawa, hasa kwa wodi ya watoto. Msimbo uliouandika kwa mkono wako haupo. Diski uliyoiacha kabatini imeota ukungu. Limebaki faili moja lililokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, na mwanasheria wa hospitali amekataza kulipasua, yaani kulirudisha kuwa msimbo unaosomeka. Kuliuliza maswali ruksa, kulipasua marufuku. Kwa hiyo natumia uakisi: naiamuru programu ijitazame kwenye kioo, initajie mbinu zake zote, kila moja inapokea nini na inarudisha nini. Imenitapikia mistari mia tatu na kumi na miwili.

Humo kuna mbinu inayoitwa Kadiria, na pembeni yake kuna mabano ya pembe yenye herufi T. Najua maana yake: ni mbinu ya jumla, na T ni nafasi ya aina itakayotajwa baadaye. Tatizo ni kwamba kioo kinanionyesha nafasi tu, hakinionyeshi wewe ulikuwa ukiijaza nini. Wiki mbili nazunguka palepale, na kichwa kinaniuma. Mkuu wangu wa kitengo, tunayemwita Bwana Tarehe kwa sababu hajui swali jingine zaidi ya "lini?", anataka ripoti tarehe kumi na mbili Machi.

Nijibu kwa mstari mmoja tu, Mama. T ni nini?

Mwanao,
mkweo

---

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za jino. Mwambie mjukuu wangu asiache mluzi, kwetu hakuna aliyewahi kuuweza. Na wewe pole ya pini, ingawa binti yangu alizaliwa na mkasi mkononi na ulilijua hilo kabla ya kuoa.

Mimi sijambo. Goti linanikumbusha umri wangu kila ninapopanda ngazi za chuo. Mwaka huu nina wanafunzi ishirini na sita: wawili wanasinzia, mmoja anajua kuliko mimi, waliobaki ni watu wa kawaida, na hao ndio ninaowapenda. Bado nafundisha kwa chaki. Hakuna anayegusa kompyuta kabla hajaandika programu yake kwa kalamu na kuisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Mkuu wa chuo hunitania kwamba mimi ni wa enzi za mawe. Namjibu kwamba mawe yalijenga nyumba.

Sasa hilo lako. Unataka mstari mmoja ili uubandike kwenye ripoti. Sikupi. Nikikupa leo, mwakani utaniuliza mwingine. Nakupa swali, na ukilifikiria vizuri utanishukuru: ulipoiita Kadiria kupitia hicho kioo chako, kabla hujaijaza T, ilikukatalia?

Wasalimie wote.

Mama yenu

---

27 Februari

Mama,

Shikamoo. Hatujambo. Mapazia bado, na paa la jikoni limeanza kuvuja juu ya jiko hasa, kana kwamba tone lilipimiwa.

Niwie radhi, leo sina maneno mengi ya utangulizi. Nimekuuliza jibu, umenipa swali. Mimi si mwanafunzi wako wa ishirini na saba. Hapa nina watu wanaonisubiri mlangoni.

Lakini nimekutii. Haikunikatalia. Niliiita kwa jina lake, nikaipa uzito wa kilo nne na jina la dawa, ikanijibu papo hapo. Bila shaka T imejijaza yenyewe. Na jibu lake, Mama, ni dozi ya mtu mzima. Nimerudia mara sita. Kwa kichanga cha kilo nne inatoa dozi ya mtu mwenye ndevu.

Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba amekosea. Basi mimi nasema programu imekosea. Kama kuna kitu sikukiona, nakusihi ukiseme waziwazi, bila fumbo. Najua posta ni ya kinyonga, lakini tarehe kumi na mbili ni tarehe kumi na mbili.

Mkweo

---

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana jioni, na naandika hii asubuhi kabla ya darasa. Salamu zisubiri. Leo ningevunja sheria yangu na kukutumia ujumbe, lakini simu iko kwa fundi.

Usipeleke ripoti yoyote. Kadiria ziko mbili.

Ya kwanza ni ya kawaida, haina T, ni ya watu wazima. Niliiandika mwaka wa kwanza wa kazi. Ya pili, yenye T, niliiandika kwa ajili ya wodi ya watoto. T hujazwa aina ya mgonjwa, Kichanga au Mtoto, na kila aina inakuja na mipaka yake ya dozi. Nimeiwekea sharti pia: ukijaribu kuijaza kitu kisicho mgonjwa, itagoma. Zote mbili zinapokea vitu vilevile, uzito na dawa. Ukiandika msimbo kwa mkono, kompaila, ile inayougeuza kuwa lugha ya mashine, inatazama ulichoweka kwenye mabano ya pembe na kujua unaitaka ipi. Wewe hukuandika. Wewe umemwambia kioo, "Niletee Kadiria," halafu ukaishika ya kwanza iliyojitokeza. Na mpangilio wa orodha hiyo haukuahidiwa na mtu yeyote: kompyuta ya zamani inaweza kutanguliza hii, mpya ikatanguliza ile.

T haijijazi yenyewe. Haimo kwenye vitu unavyoipa mbinu, kwa hiyo hata kompaila isingeweza kuikisia, sembuse kioo ambacho hakikisii kitu. Fanya hivi. Chukua kila mbinu yenye jina hilo, iulize moja moja kama ni ya jumla. Itakayokubali, ijaze T kwa aina ya Kichanga, ndipo uiite. Ukiiita kabla ya kuijaza, itakukatalia. Ndiyo maana niliuliza kama ilikukatalia. Ile iliyokujibu papo hapo si niliyowaandikia watoto.

Nina makosa mawili hapa. Nilizipa jina moja, kwa sababu nilikuwa na miaka hamsini na moja na nilijiona mjanja. Na mwezi uliopita nilikupa fumbo wakati ulikuwa na shida ya kweli. Ualimu una maradhi yake. Nisamehe, na uijaribu leo hii.

Mama yenu

---

13 Machi

Mama,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri.

Sijapata jibu lako, na jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nimewasilisha ripoti. Nimeandika nilichokiona, kwa lugha laini kadiri nilivyoweza. Wodi ya watoto imeambiwa isiitumie programu, wakokotoe kwa mkono kwa sasa. Ni tahadhari tu.

Usilichukulie vibaya. Ni kazi.

Mkweo

---

18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mapazia yamekwisha na sebule imerudi kuwa sebule. Fundi wa paa amekuja mara tatu: mara ya kwanza kupima, ya pili kupima tena, ya tatu kutuambia kipimo kilikuwa sahihi. Jino jipya limeanza kuchungulia.

Barua yako ya Machi ilifika. Asante kwa maelezo. Mambo ya kazini yanaendelea.

Binti yako anakusalimu sana.

Mkweo

---

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nami sijambo. Huku tumepata siku za jua, nikaona nisizipoteze. Jumatano asubuhi nilipaka rangi uzio wa mbele, Alhamisi nikapaka wa nyuma. Nimepanga vifungo vyote vya lile kopo kubwa kwa rangi na kwa ukubwa, mwambie binti yangu nitamtumia. Chai ya saa nne nainywa barazani, na kumbe barabara yetu ina watu wengi kuliko nilivyodhani.

Habari nyingine sina.

Mama yenu

---

20 Mei

Mama,

Shikamoo, ingawa leo naona aibu kuiandika.

Binti yako alisoma barua yako mezani pake huku anapima kitambaa. Akaweka chaki ya kushonea chini. "Mama amepaka uzio Jumatano asubuhi?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, kuna ubaya gani? Akasema, "Jumatano asubuhi ana darasa. Alhamisi ana mawili. Miaka minane hajawahi kunywa chai ya saa nne nyumbani." Akampigia jirani yako palepale. Alipomaliza kuongea naye alinigeukia na kusema, "Umemfanya nini mama yangu?"

Jibu la swali hilo unastahili kulipata wewe kwanza, nalo ni hili.

Sikujua kama umesimamishwa. Bwana Tarehe aliipeleka ripoti chuoni kwenu bila kuniambia, kwa kuwa hospitali hupokea wanafunzi wenu kwa mafunzo ya kazi. Hilo sikulijua, na naapa. Lakini hili nililijua: barua yako ya tarehe kumi ilinifikia tarehe ishirini na sita Machi, na niliijaribu siku hiyohiyo. Nilizichuja, zikatoka mbili. Nikaiita yenye T, ikanikatalia kwa sentensi ndefu nyekundu. Nikaijaza Kichanga, nikaiita tena, ikanipa dozi ya kilo nne sawasawa hadi tone. Nilipitia dawa zote kumi na tisa za wodi ile. Hakuna hata moja yenye kosa.

Na nikanyamaza. Bwana Tarehe alikuwa amenisifu mbele ya kikao, akanitaja kuwa naibu wake kuanzia Julai. Kila asubuhi nilijiambia nitasema kesho. Wakati huohuo wauguzi wanakokotoa kwa penseli na kukaguana wawili wawili, wamechoka hadi hawasalimiani. Wiki iliyopita walinasa nukta ya desimali iliyokaa mahali pasipo pake, sindano ikiwa imekwisha kujazwa. Kichanga hakikudhurika. Nilisikia habari hiyo nikiwa nimeshika kikombe cha chai.

Nimeambatanisha nakala ya ripoti. Sitaki uisikie kwa watu.

Mkweo

---

3 Juni

Mkwe wangu,

Tarehe ishirini na sita Machi. Nimeisoma mara tatu hiyo tarehe, nikidhani macho nayo yameanza kugoma.

Nimekasirika, na sitajifanya vinginevyo ili uonekane una mama mkwe mpole. Niliitwa ofisini tarehe mbili Aprili, wanafunzi wangu wakiwa wamejipanga kwenye korido na daftari zao. Mkuu wa chuo alisukuma karatasi moja mezani na kuniambia nipumzike hadi jambo lieleweke. Nilirudi darasani kuchukua dasta yangu na koti. Mmoja aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, goti. Sikuwaandikia ninyi kwa sababu sikutaka binti yangu alale kitanda kimoja na hasira. Nilidhani barua yangu ilipotea, nikasema masikini, kijana hajui. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Ripoti nimeisoma. Umeandika, "Mtayarishaji wa awali hakuweka kinga yoyote kwa watoto." Mtayarishaji wa awali! Miaka saba unaniita Mama. Hukuandika kwamba unamjua, kwamba unakula mezani kwake, kwamba alikuuliza swali moja na wewe ukaliona ni usumbufu. Uliogopa wataona unampendelea mkweo, basi ukanifanya mtu asiye na mwenyewe.

Sitaki uniombe radhi. Nenda wodini. Kama unasoma barua hii na hujaenda wodini, iweke chini uende sasa.

Mama wa mkeo

---

27 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilikuwa nimeshakwenda. Nilianza na Bwana Tarehe, asubuhi baada ya kukuandikia. Alisema marekebisho yatangoja hadi kikao cha Septemba, kwa kuwa taarifa iliyokwisha kusainiwa haifunguliwi ovyo. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye nilimuuliza, "Lini?", na hakupenda.

Nikampita. Nilimwomba muuguzi mkuu na daktari wa watoto wanipe nusu saa, nikabeba kompyuta hadi wodini, nikaiweka juu ya kaunta kati ya mizani na boksi la glavu. Niliwaonyesha Kadiria zote mbili. Niliiita yenye T bila kuijaza, wakaiona ikikataa. Muuguzi mkuu akasema, "Kwa hiyo yenyewe ilikuwa na adabu, ila wewe ulibisha mlango wa jirani." Halafu akachukua daftari lake la penseli, tukalinganisha hesabu za wiki mbili, mgonjwa kwa mgonjwa. Zilipotofautiana, makosa yalikuwa ya penseli. Hakuna aliyedhurika, lakini mawili yalimfanya akae chini. Aliniuliza nililijua hili tangu lini. Nikamwambia. Tangu siku hiyo hanisemeshi, na sina cha kumlaumu.

Daktari aliipeleka kwa wakubwa yeye mwenyewe, na tangu tarehe kumi na sita wodi imerudia programu. Ripoti mpya nimeiandika kwa mkono wangu. Aya ya kwanza inasema hivi: "Aliyeandika programu hii ni mama mkwe wangu. Kosa lililoripotiwa lilikuwa langu. Alinionya kwa maandishi, na nilificha onyo hilo." Niliisoma mbele ya kikao kilekile kilichonisifu. Unaibu umekwenda kwa mwingine, mimi nimehamishiwa kwenye kuhudumia printa. Karatasi zinakwama, nazikwamua.

Nilimpigia mkuu wa chuo na kumtumia nakala. Alisikitika sana, ni mtu mwenye maneno mazuri. Lakini darasa lako amepewa mwalimu mwingine kwa mkataba hadi mwishoni mwa mwaka ujao, na ifikapo hapo utakuwa umepita umri wa kustaafu. Nilimsihi hadi sauti ikanikauka. Alichonijibu ni kwamba nafasi imejazwa.

Siwezi kulirudisha, Mama. Niruhusu nije nikuone. Nije lini?

Mwanao, kama bado

---

10 Julai

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua imefika, na ripoti mpya pia. Nimeisoma yote na kusahihisha mkato mmoja katika aya ya tatu, tazama pembeni. Umefanya vizuri kwenda wodini, na umefanya vizuri kumpita yule bwana. Wauguzi wakilala, nami nitalala. Muuguzi mkuu mpe muda wake, usimfuatefuate na chai.

Mkuu wa chuo ameniletea kadi ya kunitakia mapumziko mema, imesainiwa na walimu wote, pamoja na huyo aliyechukua darasa. Ana mwandiko mzuri. Jana nilipita chuoni kurudisha funguo. Wanafunzi wangu walikuwa maabara, kila mtu na kompyuta yake, kimya, hakuna anayemsomea mwenzake chochote. Nilisimama dirishani kidogo, nikaondoka.

Sasa nikuambie jambo, kwa sababu umeandika "kama bado" na swali kama hilo lina haki ya jibu. Kushika mbinu ya kwanza iliyojitokeza ni kosa la kazi. Mimi mwenyewe nimewahi kulifanya, na hata waliobobea hulifanya. Hilo nililisamehe siku ileile. Lakini kati ya siku ulipojua na siku uliposema nimehesabu siku hamsini na tano. Katika siku hizo uliamka, ukanywa chai na binti yangu, ukaniandikia habari za fundi wa paa. Hilo si la kazi, ni la nyumbani. Nimejaribu kulisamehe wiki hii, na nimeshindwa.

Binti yangu na mjukuu waje likizo ya Agosti. Vitanda vipo, vifungo vipo, uzio ni mpya.

Wewe umeniuliza uje lini. Usije kwanza. Nikiwa tayari nitakuandikia, na safari hii utasubiri jibu langu lifike.

Mama wa mkeo